Muulize Dereva Kwanza

Lori linapoingia gereji hapa Songea, huja na hadithi mbili. Ya kwanza inatangulia kwa simu ya tajiri: gari halivuti, taa ya injini imewaka, nimeambiwa ni pampu, nitajie bei. Ya pili anayo dereva, na mara nyingi haisemi. Atasimama karibu na bampa, atasema "Limezima tu lenyewe, fundi," kisha atajifanya anatafuta kitu kwenye simu yake. Nimefanya ufundi huu tangu enzi za pampu za chuma tupu hadi leo injini zinapoongozwa na kompyuta, na ninaamini kwamba fedha nyingi za wenye malori wa huku kusini zinapotelea hapo, kati ya hadithi ya tajiri na ile ambayo dereva ameimeza.

Songea ni mji wa kupitiwa na mizigo. Kahawa inashuka kutoka Mbinga, mahindi yanaingia kwenye maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, mbolea inapanda kutoka Dar es Salaam, korosho za Tunduru zina msimu wake. Lami ya kutoka Makambako tuliipata miaka ya 1980. Ya kwenda Namtumbo hadi Tunduru tuliisubiri mpaka miaka ya 2010. Halafu yakaja makaa ya mawe. Uchimbaji wa Ngaka, kule upande wa Mbinga, ulianza mwaka 2011, lakini vita ya Ukraine ilipozuka mwaka 2022 na bei ya makaa ikapanda duniani kote, malori yakawa yanapita Songea usiku na mchana kuelekea bandari ya Mtwara. Gereji zilizozoea Fuso na Scania za zamani zikajikuta zinapokea semi-trela za Kichina na za Ulaya ambazo kila sensa inazungumza na kompyuta. Vijana wengi walinunua mashine za kusomea kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari. Ni jambo jema, nami ninayo. Ila nimeona mashine hiyo ikiwafanya mafundi wengi waache kabisa kuzungumza na mtu aliyelala na lile gari porini.

Mzee aliyenifundisha alitokea kwenye karakana za Peramiho, kwa watawa Wabenediktini waliofika pale mwaka 1898 na kujenga, pamoja na kanisa na hospitali, mahali pa kufundishia useremala, uchapaji na ufundi wa magari. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuwahi kushika spana kabla ya kumwita dereva pembeni. Maswali yake yalikuwa yale yale. Limeanza lini? Lilikuwa na mzigo au tupu? Linafanya hivyo injini ikiwa ya baridi au ikishapata moto? Moshi ulikuwa wa rangi gani? Mafuta uliweka wapi? Na la mwisho, ambalo alilisema kwa sauti ya chini, huku akimtazama mtu usoni: nani alilishika mwisho?

Swali hilo la mwisho limenipa majibu mengi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua. Gari lililokuwa linatembea vizuri likaharibika siku mbili baada ya mtu kulifungua, kwa kawaida limeharibiwa na aliyelifungua. Mpira wa maji haukubanwa, waya umebanwa chini ya boliti, kifuniko cha filta kimekaa upande. Unaanzia pale ambapo mkono wa binadamu umepita.

Njia aliyonifundisha ya kutafuta silinda inayomisi ningali naikumbuka mikononi. Injini inaunguruma polepole. Unalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza, mafuta yanachuruzika, mngurumo unabadilika na injini inayumba. Unabana. Unakwenda ya pili, ya tatu. Ukifika kwenye silinda mgonjwa, unalegeza na hakuna kinachobadilika, kwa sababu haikuwa inafanya kazi hata kabla hujaigusa. Asubuhi ya baridi alifanya kwa namna nyingine: injini ikiwashwa tu, alipitisha kiganja karibu na matawi ya ekzosi. Tawi linalochelewa kupata moto ndilo la silinda isiyochoma.

Kijana aliyejifunza kwa wazee kama huyu namwomba asilegeze nati hiyo kwenye injini ya komon reli, ile ambayo nozeli zote hulishwa na reli moja ya mafuta. Nozeli ya zamani ilifunguka kwa mgandamizo wa baa 200 hivi au zaidi kidogo. Reli ya injini za sasa inashika baa 1,600, nyingine zinapita 2,000, wakati tairi la lori lina baa kama 8. Mafuta yanayochomoka kwa nguvu hiyo hutoboa glavu na ngozi. Jeraha lake linadanganya: unaona kitundu kama cha sindano, maumivu ni kidogo, unafuta kwa tambara na kuendelea na kazi. Saa chache baadaye mkono umevimba na nyama ya ndani inakufa. Likitokea, mtu apelekwe Hospitali ya Mkoa au Peramiho saa ile ile, na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli iliyoingia kwa mgandamizo, maana kwa kutazama tu mtu anaweza kudhani ni mchubuko. Natamani kila gereji ya Mfaranyaki na Msamala iandike jambo hili ukutani.

Njia za kutafuta silinda mgonjwa bado zipo. Kompyuta inaweza kuzima nozeli moja moja huku wewe ukisikiliza. Kipimajoto cha kumulika kinafanya kazi ya kile kiganja cha mzee. Kwa injini ambazo kila nozeli ina mpira wake wa ritani, mimi hufunga chupa ndogo za maji ya kunywa kwenye kila mpira, nawasha injini kwa muda mfupi, kisha nazipanga chupa kwenye meza. Nozeli iliyolika ndani hurudisha mafuta mengi kupita wenzake. Tajiri hata kama hajui chochote kuhusu injini, akiona chupa tano zina kidole kimoja cha dizeli na ya sita imejaa hadi shingoni, anaelewa kwa nini namwambia anunue nozeli moja badala ya pampu nzima.

Kuna lori moja la makaa ya mawe lililoletwa likiburutwa kutoka njia ya Namtumbo. Mashine ilisoma kodi za sensa ya mgandamizo wa reli, sensa ya hewa ya tabo na pedeli ya mafuta, zote kwa pamoja. Tajiri alikuwa Dar es Salaam. Alikwisha kununua sensa mbili kwa ushauri wa simu, zikafungwa barabarani, hakuna kilichobadilika. Sasa alikuwa anatafuta kontroli boksi, na bei ya kontroli boksi ni pesa ya kumkosesha mtu usingizi.

Kodi nyingi za vitu visivyohusiana, zikija siku moja, hunifanya nitafute kile wanachogawana. Sensa hizo haziendeshwi na umeme wa betri moja kwa moja. Kompyuta inazipa volti 5, na kwenye injini ile sensa kadhaa zilipewa kupitia laini moja. Nilichomoa soketi ya sensa ya tabo, nikafungua swichi, nikaweka mita. Haikufika hata volti moja. Nikaendelea kuchomoa sensa moja baada ya nyingine, maana sensa iliyoungua ndani inaweza kuiangusha laini nzima. Ukiichomoa, volti zinarudi. Hazikurudi. Maana yake sensa hazikuwa na kosa, na kabla ya kuilaumu kompyuta yenyewe ilibidi ugonjwa utafutwe kwenye waya, mahali fulani ndani ya mkanda wa nyaya unaotoka kwenye kabini kwenda injini, umefungwa tepu, umepita chini ya mabano na nyuma ya matangi, mita nyingi za kupekua.

Nikamtuma utingo akanunue chakula, nikakaa na dereva kwenye tairi la akiba.

"Kaka, mimi sikuulizi kwa ajili ya bosi wako," nilimwambia. "Nauliza kwa ajili ya huu waya. Nani alilishika mwisho?"

Alikaa kimya. Kisha akasema, "Fundi, ukimwambia, mimi sina kazi."

Ilikuwa hivi. Alikuwa ameingiza gari kwenye njia ya vumbi ambako hakutakiwa kwenda, kuchukua magunia ya mtu, na wakati wa kugeuza akagonga kisiki. Bano la madigadi nyuma ya kabini likapasuka. Akalichomelea kwa fundi wa welding wa njiani, kwa hela ya posho yake, akapaka rangi, akaendelea na safari. Gari likatembea vizuri kwa muda, kisha likafa.

Tulikwenda moja kwa moja kwenye lile bano. Tepu ilikuwa imekunjamana kwa joto. Nilipoikata, nyaya mbili zilikuwa zimeyeyuka plastiki na kushikana, shaba yake imeanza kuwa ya kijani. Tulikata kipande kilichoungua, tukaunga kila waya peke yake, tukauvalisha mpira wa kusinyaa, tukaufunga mkanda upya na kuuhamishia mbali na lile bano. Mita ikasimama kwenye 5. Kodi zikafutika na hazikurudi. Gharama yake ilikuwa waya, mpira, tepu na kazi yetu. Kontroli boksi haikuwa na ugonjwa wowote, ingawa ilikuwa na bahati: kuchomelea kwenye chasisi bila kuchomoa vichwa vya betri kunaweza kuiua kompyuta papo hapo. Anayechomelea atoe betri kwanza, na klampu ya athi aifunge karibu na pale anapochoma ili umeme usizunguke kupitia beringi na nyaya.

Ningeupata ule waya bila dereva kusema? Ningeupata. Mita ilikwisha kunionyesha ni laini ipi, na subira ingefanya kazi iliyobaki. Lakini ingekuwa kesho yake jioni au keshokutwa, lori likiwa na mzigo, meli ikiwa bandarini Mtwara, na tajiri akizidi kusikiliza washauri wa simu.

Mita yenyewe, kwa imani yangu, inadharauliwa sana. Mtu ana mashine ya kodi ya mamilioni na mita ya elfu kumi ambayo betri yake imeisha. Kule Wino na Madaba, mwezi wa Juni na Julai, baridi inashika kweli, na malori hugoma kuwaka alfajiri. Liliwahi kuletwa moja ambalo wenyewe waliambiwa mahali fulani kwamba kompyuta imekufa, kwa sababu kila wakipiga stata, dashibodi inazima na kuwaka tena. Betri zilipimwa zikiwa zimetulia: volti 24 na ushei, safi kabisa. Ila betri iliyotulia haikwambii kitu. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini, nikamwambia kijana apige stata. Pale inatakiwa isomeke chini ya nusu volti. Ilisomeka zaidi ya 2. Umeme ulikuwa unakwama njiani. Mkanda wa athi kati ya chasisi na injini ulikuwa umefungwa juu ya rangi na kutu, na kila stata ilipovuta, kompyuta ilikosa umeme wa kutosha ikajizima. Dawa ilikuwa msasa, boliti mpya na grisi. Kipimo hicho hakihitaji intaneti wala leseni ya programu, na nimeshangaa mara nyingi kuona hakifanywi.

Kwenye mafuta ndiko ukimya wa madereva unakogharimu zaidi. Wa umri wangu wanakumbuka miaka ya mafuta ya taa ndani ya dizeli, wakati mafuta ya taa yalikuwa ya bei rahisi na vituo vingine vikayachanganya. Dizeli hulainisha pampu inayoisukuma. Mafuta ya taa ni makavu, yanakula plunja na nozeli. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwakamata wachakachuaji, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Hali ilibadilika, tuliiona kwenye idadi ya pampu zilizoletwa. Lakini bado yapo mafuta ya madumu barabarani, yanayonyonywa kwenye tangi moja na kuuzwa kwa jingine, yakiwa na maji na mchanga. Pampu ya zamani ilivumilia hayo kwa miezi. Komon reli, ambayo nafasi kati ya vyuma vyake ni ndogo kuliko unene wa unywele mara nyingi, haivumilii.

Sihitaji dereva akiri kwamba alinyonya. Natazama nati za bomba la tangi. Bomba limejaa vumbi la miaka, lakini kona za nati zinang'aa, zina alama mpya za spana. Kiungo kikishalegezwa na kubanwa porini kwa haraka, kinavuta hewa. Injini inawaka, inaunguruma dakika chache, inazima. Ukiweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye laini ya mafuta unaona mapovu yanapita. Nabana kiungo, natoa hewa kwa pampu ya mkono, gari linaondoka.

Na hapa ndipo pagumu. Nimwambie tajiri nini? Ni gari lake, ni mafuta yake, na mimi analipa yeye. Nimelifikiria sana suala hili, na msimamo wangu ni huu: tajiri anapata kutoka kwangu ukweli wote kuhusu gari. Laini ilikuwa inavuta hewa, kiungo kimelegezwa kwa spana si zamani, maji yametolewa kiasi hiki kwenye tangi, hii hapa chupa. Nani kafanya, akamuulize mwenyewe, mimi sikuwepo. Kile dereva alichoniambia kwenye tairi la akiba kinabaki pale, isipokuwa kinapogusa breki, usukani au uhai wa watu. Hapo sina siri na mtu, na madereva wananijua hivyo, nawaambia mapema kabla hawajafungua mdomo.

Wapo mafundi wenzangu wanaoona huku ni kuwalinda wezi. Nawaheshimu, lakini wameshindwa kunionyesha gereji iliyopata ukweli kwa kumtisha dereva. Tajiri anayemkata dereva mshahara kwa kila kitu kinachovunjika, hata kilichochakaa chenyewe, amemfundisha kusema "limezima tu lenyewe". Injini ikianza kuchemsha karibu na Gumbiro, dereva huyo hatasimama. Atajaza maji, atafika nalo kokote, na silinda hedi itakuwa imepinda. Aliyezoea kusikilizwa angesimama, angepiga simu, na ungekuwa ni mkanda wa feni tu.

Kusikilizana huko kunafungua pia mlango wa kumfundisha. Madereva wengi wanaoshuka mlima Lukumburu huweka fri wakiamini wanaokoa mafuta. Zamani ilikuwa na ukweli kidogo. Kwenye injini ya kompyuta ni kinyume: ukishuka gari likiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye pedeli, kompyuta inakata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka fri, inalazimika kuchoma mafuta ili isizime, na wakati huo umepoteza breki ya injini, breki za magurudumu zinabeba tani zote peke yake hadi zinapata moto na kuacha kushika. Waliokufa kwenye mteremko ule ni wengi. Nilipoanza kuwaeleza hivyo madereva, bila kuwauliza kama wao hufanya, walinisikiliza, na baadhi walirudi kuniambia kwamba kweli mafuta yanabaki.

Yupo tajiri mmoja wa hapa Songea, mwenye malori yanayokwenda Mtwara, ambaye amebadili utaratibu. Dereva wake akiona taa imewaka, hampigii tajiri kwanza, anapiga gereji. Hakatwi kwa kuripoti. Anakatwa akificha, na hilo limeandikwa kwenye mkataba wake. Kwenye kila kabini kuna daftari la shule ambamo dereva anaandika mafuta ameweka wapi, nani amefungua nini, na moshi au mlio wowote mpya. Gari likija kwangu naanza kwa kusoma daftari hilo kabla sijachomeka mashine. Juzi dereva wake alipiga akiwa amesimama kando ya barabara, kabla ya kuingia Tunduru. Nguvu imepungua mlimani, moshi mweusi, hakuna kodi, na jana yake alibadilishiwa filta ya hewa kwenye gereji ya njiani. Nikamwambia afuate mpira mnene unaotoka kwenye tabo kwenda kwenye intakula, apitishe mkono kwenye kila klampu. Akaniacha hewani, nikasikia mlango wa kabini, kisha sauti ya vyuma. Klampu moja ilikuwa imesahauliwa ikining'inia. Akaibana kwa spana namba 13, akaandika kwenye daftari, akaondoka.